Uongo Kumi na Mmoja wa Macho Yako

Mabishano ya kijiweni huishia kwenye sentensi moja: "Nimeona kwa macho yangu mwenyewe." Ikishatamkwa hiyo, wabishi hunyamaza, kahawa inanyweka, mada inabadilishwa. Leo tunamkatia rufaa shahidi huyo. Tunahesabu uongo wake kushuka chini, kuanzia ule mdogo wa kusamehewa hadi ule mkubwa ambao anausema hata dakika hii unaposoma. Niseme mapema kwamba mimi niko upande wa mshtakiwa. Karibu kila uongo ulioko hapa chini umetokana na fizikia kumbana jicho, nalo likatafuta pa kupenyea. Mjini shule.

11. "Mboni yangu ni nyeusi"

Si nyeusi. Mboni ni tundu, na nyuma ya tundu kuna ukuta mwekundu uliojaa mishipa ya damu. Shida ni kwamba mwanga unaoingia humo hurudi kwa njia ile ile uliyoingilia. Anayetaka kuchungulia ndani lazima aweke jicho lake mahali pale pale taa ilipo, na akifanya hivyo kichwa chake kinaziba taa. Mwaka 1851 Mjerumani Hermann von Helmholtz alipata ufumbuzi: kipande cha kioo kilichoinamishwa, mwanga utoke pembeni, daktari atazame kupitia kioo hicho hicho. Tangu siku hiyo retina za watu hazina siri.

Kamera ndogo za zamani, zile zenye flashi karibu na lenzi, zilifanya kazi ya Helmholtz bila kukusudia. Ndiyo maana kwenye albamu za harusi za miaka ya tisini bwana harusi anatutazama kwa macho mekundu ya jini. Hakuwa na jini. Ni damu yake tu ikisalimia wageni.

Paka, ng'ombe na komba wana utando wa ziada nyuma ya retina, unaoakisi mwanga ili seli ziupate mara ya pili. Sisi hatukupewa. Tukabuni tochi.

10. "Mimi ndiye ninayetoka kwenda kutazama"

Magwiji kama Euclid na Ptolemy walifundisha kwamba jicho hutoa miale inayokwenda kuvigusa vitu, na fundisho hilo likadumu zaidi ya miaka elfu moja. Kabla hujawacheka, fumba macho ubonyeze pembeni taratibu sana: litatokea duara la mwanga. Wagiriki waliliona, wakasema basi moto umo ndani. Isaac Newton naye, miaka ya 1660, alichukua sindano nene butu, akaipitisha kati ya jicho lake na mfupa, akabonyeza kwa nyuma, kisha akachora duara alizoziona. Akili ya kupima mvuto wa sayari, lakini nyumbani hakuwa na mtu wa kumwambia: weka hiyo sindano chini.

Kesi hii ilimalizwa na Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra mnamo mwaka 965, aliyefanyia kazi Cairo na kuandika Kitab al-Manazir, kitabu cha sehemu saba kuhusu kuona. Hoja yake ilikuwa rahisi hadi inaudhi. Ukitazama jua, jicho linauma. Ukilifumba, alama ya jua inabaki. Kinachoumiza kimetoka nje kikaingia. Akatoboa tundu kwenye chumba cha giza, akaonyesha jinsi mianga ya taa kadhaa inavyopita kwenye tundu moja bila kuchanganyikana.

Wanaoogopa kijicho cha jirani watanisamehe. Kwa upande wa fizikia, jicho la jirani linapokea tu, halitumi kitu. Ubaya wake, kama upo, unapitia mdomoni.

9. "Mwezi ukichomoza ni mkubwa"

Simama ufukweni Lamu au Dar es Salaam jioni ya mwezi mpevu, uutazame ukitoka baharini. Utaapa umevimba. Saa sita usiku, ukiwa utosini, umenywea. Basi nyoosha mkono na uweke kidole cha mwisho mbele yake: pale baharini unafunikwa wote na nafasi inabaki, na huku juu unafunikwa vile vile. Upana wake ni karibu nusu digrii, jioni hadi usiku wa manane. Tena unapochomoza uko mbali nawe zaidi kwa karibu kilomita 6,000, kwa sababu Dunia bado haijakuzungusha ukafika upande wake. Kwa kipimo cha haki ni mdogo kidogo.

Ibn al-Haytham alishasema kosa liko kwenye hukumu ya akili, halipo angani, na wataalamu bado wanabishana akili inahukumu vipi. Wengi wanaona kwamba tunaichukulia anga ya upeoni kuwa mbali kuliko ya utosini, kwa hiyo tunaukuza mwezi ili hesabu ikubali. Simu yako haina hukumu ya namna hiyo. Ndiyo maana picha uliyoipiga kwa mbwembwe ilitoka nukta nyeupe, na bado ukaiweka hadharani.

8. "Lenzi ndiyo inayoniwezesha kuona"

Hapa lenzi inavaa sifa za mwenzake. Uwezo wa jicho kupinda mwanga ni kama dayopta 60, na karibu 43 kati ya hizo ni kazi ya konea, utando ule angavu ulioko mbele kabisa, ambao hakuna mshairi wa mapenzi aliyewahi kuutaja. Lenzi inamalizia.

Ushahidi uko majini. Fumbua macho ukiwa umezama: ukungu mtupu. Mwanga hupinda pale mwendo wake unapobadilika, kama unavyofanya ukitoka hewani na kuingia kwenye konea. Konea, kwa hesabu za mwanga, inakaribiana sana na maji. Mwanga ukitoka majini kuingia humo hauoni sababu ya kupinda, unapita zake. Theluthi mbili za uwezo wa jicho zinapotea hivi hivi. Mzamiaji anayevaa miwani ya kuogelea hanunui lenzi. Ananunua kijisehemu cha hewa cha kukaa mbele ya konea.

Kuna watoto wasiohitaji miwani hiyo. Wamoken ni watu wa baharini wa Thailand na Myanmar, na mwaka 2003 mtafiti wa Sweden, Anna Gislén, alichapisha matokeo kwamba watoto wao huona chini ya maji kwa makali zaidi ya mara mbili ya watoto wa Ulaya. Macho yao hayana maumbile tofauti. Wanaibana mboni hadi chini ya milimita 2, maana tundu dogo hupunguza ukungu, na wanaikaza lenzi hadi mwisho wa uwezo wake. Baadaye Gislén aliwafundisha watoto wa Sweden, nao wakaweza. Wazazi wa Pwani, watoto wenu wanashinda majini mchana kutwa bila hata ya mwalimu. Wapeni basi na kazi ya kisayansi.

Lenzi hiyo hiyo ikipita miaka 40 na ushee huanza kuwa ngumu, haikubali tena kujiviringa kwa ajili ya kuona karibu. Ndipo unapomwona mtu mzima amenyoosha mkono na kurudisha kichwa nyuma ili asome ujumbe wa M-Pesa, huku akilalamika kwamba kampuni za siku hizi zinaandika herufi ndogo. Herufi ni zile zile, mzee. Mkono ndio umekuwa mfupi.

7. "Angani kuna vijidudu"

Tazama anga la bluu lisilo na wingu, mbali na jua. Baada ya muda utaona vinukta vyeupe vinavyochirizika haraka kwa njia za kupindapinda. Hizo ni chembe nyeupe zako za damu. Mishipa midogo ya retina hupita mbele ya seli za kuonea. Chembe nyekundu hunyonya mwanga wa bluu, chembe nyeupe huupitisha, kwa hiyo kila nyeupe inapopita kunatokea kijidirisha cha mwanga. Ukizingatia, vinukta hukaza mwendo kufuata mapigo ya moyo. Vile vinyuzi vinavyoelea na kukimbia ukivitazama ni kitu kingine, vivuli vya takataka za ute wa jicho. Vikija vingi ghafla pamoja na mimweko ya mwanga, acha kusoma makala na umwone daktari.

6. "Rangi ya kitambaa hiki naijua"

Umeingia duka la vitambaa Kariakoo, au Biashara Street kule Mombasa, na kipande cha gauni mkononi, unatafuta kilemba cha kufanana nacho. Umepata. Chini ya taa ya dukani ni pacha. Unafika harusini mchana, kilemba kimeelekea kwenye kahawia na gauni limebaki maruni, na mawifi wameshaona.

Hakuna aliyekuibia. Jua hutoa mwanga wa kila urefu wa wimbi bila kuruka. Taa nyingi za dukani hutoa rundo hapa na rundo pale, katikati hafifu. Rangi mbili zilizotengenezwa kwa kemikali tofauti zinaweza kurudisha mwanga unaolingana chini ya taa hiyo, halafu zikatofautiana kabisa zikipewa mwanga kamili. Jicho lenyewe halipimi mwanga urefu kwa urefu. Lina aina tatu tu za seli za mchana, zinapeleka namba tatu, na vitambaa viwili vyenye namba zile zile tatu kwake ni kitambaa kimoja. Muuzaji mzoefu anajua haya bila kusoma fizikia: anakushika mkono na kukutoa mlangoni, mkaangalie juani. Asiyekutoa mlangoni ana sababu zake.

Ajabu ni kwamba hatudanganyiki zaidi ya hapo. Kanzu nyeupe kivulini huakisi mwanga wenye ubluu mwingi, utokao angani, na jioni huakisi umanjano. Bado unaiona nyeupe, kwa kuwa ubongo unakisia taa ni ya namna gani na kuitoa kwenye hesabu. Februari 2015 ukisiaji huo uliwaumbua watu duniani kote: picha ya gauni moja ikaenea mtandaoni, nusu ya nyumba wanaona bluu na nyeusi, nusu wanaona nyeupe na dhahabu. Aliyedhani gauni liko kivulini aliondoa bluu, akabaki na nyeupe. Aliyedhani liko chini ya taa ya manjano aliondoa manjano. Gauni lilikuwa bluu na nyeusi. Kuna ndoa zilizonuniana siku mbili kwa sababu ya hesabu ya kutoa.

5. "Hii kwenye simu ni njano"

Hakuna njano kwenye simu yako. Njano ya upinde wa mvua ni mwanga wa takriban nanomita 580, na kioo cha simu hakina hata nukta moja inayoutoa. Kina nyekundu, kijani na bluu. Fungua picha ya jezi ya Yanga, weka tone dogo la maji juu ya sehemu ya njano likuze, uchungulie: nyekundu na kijani zinawaka, bluu imelala. Seli zako za nyekundu na za kijani zinaamka kwa kiasi kile kile ambacho njano halisi ingeziamsha, na ubongo unatia saini bila kusoma mkataba. Wapenzi wa Simba, mlishasema siku nyingi kwamba njano ile si ya kweli. Leo fizikia imewaunga mkono, lakini kwenye simu tu.

Thomas Young alipendekeza mwaka 1802 kwamba jicho linahitaji vipokezi vya rangi tatu tu. Mwaka 1861, London, James Clerk Maxwell akaonyesha picha ya utepe wa rangi iliyopigwa mara tatu kupitia vichujio vya nyekundu, kijani na bluu, kisha ikaunganishwa ukutani kwa mwanga. Kila televisheni unayoijua ni mjukuu wa utepe ule.

Pinki kali ya khanga ndiyo jeuri kuliko zote. Haimo kwenye upinde wa mvua, haina urefu wake wa wimbi, haipo popote kama mwale mmoja. Nyekundu na bluu zikifika pamoja, kijani kikikosekana, ubongo unaitunga papo hapo.

4. "Wote tunaona rangi hizi hizi"

Muulize John Dalton, yule wa nadharia ya atomu. Alikuwa mwalimu Manchester, mtu mkimya wa madhehebu ya Quaker, na siku moja alilitazama ua la jeranio ambalo wenzake waliliita pinki. Mchana yeye aliliona bluu ya anga. Usiku, kwa mshumaa, likageuka jekundu. Akauliza watu, hakuna aliyeona mageuzi hayo isipokuwa kaka yake. Oktoba 1794 aliwasomea wanachama wa chama cha wasomi wa Manchester maelezo yake, na akatoa sababu: bila shaka ute ndani ya jicho lake una rangi ya bluu, kwa hiyo unanyonya nyekundu.

Wazo zuri, linapimika, ila kwa masharti mabaya: lazima mtu apasuliwe jicho. Dalton akaagiza ifanyike akishakufa. Kwa jinsi alivyokuwa na afya, ilibidi sayansi isubiri miaka 50.

Kabla ya hapo, mwaka 1834, alipelekwa mbele ya Mfalme William IV akiwa amevaa joho jekundu la udaktari wa Oxford. Waumini wa Quaker hawavai nguo nyekundu za fahari. Wenzake walihangaika, yeye hakuwa na wasiwasi wowote, kwa sababu machoni pake joho lile lilikuwa na rangi isiyotofautiana na majani. Dhambi usiyoiona unaivaa kwa amani.

Alifariki Julai 1844, na daktari wake Joseph Ransome akatekeleza wosia. Akamimina ute wa jicho moja kwenye kisahani cha kioo: mweupe, safi. La pili akalitoboa kwa nyuma na kuchungulia dunia kupitia jicho la Dalton mwenyewe: nyekundu ikawa nyekundu, kijani ikawa kijani. Nadharia ikaanguka hapo hapo, mbele ya mwenyewe, ingawa hakuweza kujitetea. Mabaki ya macho yakahifadhiwa Manchester. Mwaka 1995 watafiti wakachukua kipande kidogo, wakasoma vinasaba, wakakuta Dalton alikosa kipokezi cha urefu wa kati, kile tunachokiita cha kijani. Aliahidi jibu lipatikane ndani ya jicho lake, na likapatikana humo humo, miaka 151 baada ya mazishi.

Kinasaba hicho hukaa kwenye kromosomu X, ambayo mwanamume anapewa moja tu, na anapewa na mama yake. Kati ya wanaume wenye asili ya Ulaya, karibu 1 kati ya 12 ana hitilafu ya nyekundu na kijani. Kwa Waafrika ni wachache zaidi. Kwa hiyo kijana anayevaa soksi moja ya kijani na moja nyekundu asilaumiwe kwa upande wa baba. Malalamiko yapelekwe ujombani.

3. "Ukitaka kuona vizuri, kodoa"

Ushauri mzuri mchana, mbovu usiku. Kitovu cha retina, sehemu unayoitumia kusoma mstari huu, kimejaa seli za mchana peke yake. Seli za usiku, ambazo kwa jumla ni zaidi ya milioni 90 kwa kila jicho, zimekaa pembeni. Nenda mahali pasipo na taa, utafute Kilimia. Ukikikodolea kinafifia, ukitazama kando kidogo kinajaa nyota. Anga ndiyo sehemu pekee ambako kutazama kwa pembe ya jicho si utovu wa adabu.

Seli hizo za usiku ni za ajabu kwa kweli. Mwaka 1942 Selig Hecht na wenzake wawili wa Chuo Kikuu cha Columbia walikaa gizani na watu wachache na kukuta kwamba mmweko unaoonekana kwa taabu unahitaji fotoni kati ya 5 na 14 tu zinyonywe na seli. Fizikia haina chembe ya mwanga iliyo ndogo kuliko fotoni moja, kwa hiyo jicho limeshafika karibu na sakafu ya uwezekano. Lakini lipe nafasi: kuzoea giza kikamilifu huchukua karibu nusu saa, na ukiwasha simu kuangalia saa umerudi mwanzo. Seli hizo hazioni nyekundu pia. Ndiyo maana wanajimu wanatumia taa nyekundu, na ndiyo maana magharibi ikiingia ua la hibiskasi linakuwa jeusi wakati majani yake bado yanang'aa. Mcheki Jan Purkinje aliliandika hilo mwaka 1825.

2. "Nauona ukurasa wote"

Unaona ukucha. Nyoosha mkono utazame dole gumba: upana wake ni kama digrii 2, na eneo la jicho linaloona kwa makali halizidi hapo sana. Kingine chote ni muhtasari. Kaza jicho kwenye neno hili, bila kulihamisha, ujaribu kusoma neno la nne upande wa kulia. Usijitetee, wote tunashindwa.

Hata ukali wa pale katikati una dari yake, na dari hiyo ni ya mwanga wenyewe. Ukipita kwenye tundu la milimita 3 mwanga hutawanyika kiasi kwamba nukta mbili zinazokaribiana chini ya takriban sehemu moja ya sitini ya digrii huungana. Ni milimita 1 ukiwa umbali wa mita 3 na nusu. Seli za kitovu zimepangwa kwa nafasi inayolingana na kipimo hicho. Kuzibana zaidi kusingeongeza kitu, na maumbile hayakupoteza pesa hapo.

Pesa yalizipoteza kwenye ufungaji wa nyaya. Retina yetu imewekwa kinyumenyume: seli za kuonea ziko nyuma, neva na mishipa ya damu iko mbele yake, mwanga unapita kwenye msitu wa nyaya kabla ya kufika. Nyaya hizo, karibu milioni 1, lazima zitoke jichoni, kwa hiyo zinatoboa retina na kupita. Palipotobolewa hapana seli hata moja. Mfaransa Edme Mariotte, akiwa amepasua macho na kuona kwamba neva haitokei katikati, alijiuliza katika miaka ya 1660 mtu anaona nini mahali hapo. Akabandika karatasi ukutani, akafumba jicho moja, akarudi nyuma. Karatasi ikatoweka.

Unaweza kulifanya jaribio hili kikaoni. Kaa mita 3 kutoka kwa bosi wako. Fumba jicho la kushoto, na kwa la kulia tazama ukuta kama sentimita 80 kushoto kwa kichwa chake. Sogeza macho kidogo kidogo. Kichwa kinaondoka. Shingo ipo, tai ipo, juu ya tai kuna ukuta. Shimo hilo lina upana wa digrii 5 hivi, linatosha kupanga miezi mipevu 10 ubavu kwa ubavu, na umeishi nalo miaka yote bila kulalamika, kwa sababu ubongo unalipaka rangi ya ukuta wa jirani. Hutoi hata shukrani.

Pweza hana shimo hili. Kwake seli ziko mbele na nyaya ziko nyuma, kama fundi yeyote mwenye akili angefanya. Kwa upande mwingine ana kipokezi cha aina moja tu, kwa hiyo huenda hajui rangi, ingawa anajibadilisha rangi kuliko kiumbe yeyote wa pwani. Usiku pale Forodhani, Unguja, mwenye macho yaliyofungwa nyaya sawasawa ndiye aliyeko kwenye mkaa, na mwenye macho ya kinyumenyume ndiye anayeuliza bei.

1. "Ninaona kinachotokea sasa"

Ule mkubwa. Mwanga wa jua umechukua dakika 8 na sekunde kama 20 kufika, hilo tulifundishwa shuleni. Tulichosahau kuambiwa ni foleni iliyopo baada ya jicho. Seli inahitaji muda kuitikia, neva inahitaji muda kusafirisha, ubongo unahitaji muda kuelewa. Kwa jumla ni karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde. Inaonekana ndogo hadi umkumbuke golikipa. Penalti ya kilomita 100 kwa saa, kutoka mita 11, inafika golini kwa sekunde 0.4. Pale kipa anapouona mpira uko mita fulani, wenyewe umeshasogea karibu mita 3 mbele. Anarukia habari ya zamani. Mtangazaji anayepiga kelele "alikuwa anauona kabisa!" ana haki ya nusu.

Halafu kuna kutoweka. Macho yako huruka karibu mara 3 kila sekunde, kutoka hapa hadi pale, na wakati wa kuruka picha inapita kwa kasi kwenye retina. Ubongo hauonyeshi sehemu hiyo. Unaikata na kuunganisha ncha, kisha unakuapia kwamba filamu haikukatika. Nenda kwenye kioo, tazama jicho lako la kushoto, kisha la kulia, rudia. Hutayaona yakisogea hata mara moja. Anayesimama kando yako anayaona vizuri sana. Sasa washa kamera ya mbele ya simu ufanye vile vile. Simu huchelewa kidogo kuonyesha picha, kwa hiyo jicho likishatua linawahi kuona mruko wake wenyewe. Saa ya ukutani inakupiga chenga hiyo hiyo: mshale wa sekunde unaonekana umeganda mara tu unapoutupia macho, kwa kuwa ubongo unaujazia muda uliopotea njiani.

Na ukitaka kuona ucheleweshaji kwa namna inayotisha wageni, tafuta uzi na kitu kizito kidogo cha kufunga mwisho wake. Mtu akibembeze mbele yako kushoto na kulia, mstari mnyoofu, kisije mbele wala kurudi nyuma. Wewe acha macho yote mawili wazi, lakini moja lizibe kwa kioo kimoja cha miwani ya jua. Kile kitu kitaanza kuzunguka duara, kikija usoni na kurudi. Jicho lililowekwa kizani linapokea mwanga mdogo, na mwanga mdogo husafirishwa kwa kuchelewa zaidi. Macho mawili yanaleta taarifa za nyakati mbili, na ubongo, badala ya kusema mmoja wenu amechelewa, unatafsiri tofauti hiyo kuwa umbali.

Jambo hili linaitwa athari ya Pulfrich, kwa jina la Carl Pulfrich, mtaalamu wa vipimo vya kuona kwa macho mawili katika kiwanda cha Zeiss, Jena, aliyelichapisha mwaka 1922. Sababu ya kucheleweshwa ilielezwa na mwenzake wa kazini, Ferdinand Fertsch, na Pulfrich hakumnyima sifa yake. Ila Pulfrich alikuwa ameshapoteza uwezo wa kuona wa jicho moja miaka mingi kabla, na onyesho hili linahitaji mawili. Kwa hiyo ukilifanya leo sebuleni kwa miwani ya machinga, utakuwa umeiona athari ya Pulfrich mara moja zaidi ya Pulfrich.